Eunos Roadster ya 1991 inamaliza betri, usiku taa zinafifia na inazima ghafla barabarani. Nipo Dodoma, naombeni msaada

Kijana_wa_Makole · Jumapili, saa 2 usiku

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu maana hapa nilipofika hela imeisha na gari bado mbovu.

Nina Eunos Roadster, ndo hiyo hiyo wengine wanaiita Mazda MX-5, ya mwaka 1991, injini 1.6, gia ya mkono, na zile taa za kuinuka. Niliinunua mwaka juzi kwa mzee mmoja wa Area D aliyekuwa anaitoa weekend tu, na mimi naipenda hii gari kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa hela yangu, kwa hiyo msinishauri niiuze.

Shida ilianza kama miezi mitatu iliyopita. Asubuhi nawasha inalia tiki tiki basi. Tukaboosti ikawaka. Fundi akasema betri imekufa, nikanunua betri mpya. Wiki ya saba ikarudia vile vile. Fundi akasema basi ni oltaneta, nikaagiza ya mtumba kutoka Dar ikaja na basi, ikafungwa. Siku nne raha, ya tano tiki tiki. Sasa hivi natembea na waya za kuboosti kwenye kiti cha abiria.

Usiku ndo balaa. Nikiwasha taa, ya kushoto inanyanyuka vizuri, ya kulia inapanda kwa kujivuta. Nikikanyaga breki taa za dashibodi zinafifia, nikiweka indiketa mwanga wote unapumua nayo, nikiwasha na waipa ndo kabisa.

Afu kuna hii nyingine, sijui kama inahusiana. Nilikuwa naenda Manyoni, nimeshaipita Bahi kidogo, jua kali, injini ikazima kama mtu kazungusha funguo. Nikakaa pembeni kama dakika 20 ikawaka yenyewe tukaendelea. Imeshafanya hivyo mara tatu, na zote ni baada ya kutembea muda mrefu.

Fundi alipima na mita kwenye oltaneta ikaleta 14.2, akasema chaji ipo safi, kwa hiyo kilichobaki ni kompyuta, nitafute laki nne na nusu. Mwingine anasema waya zote zimezeeka tuvue gari zima tusuke upya. Hata mkeka wa buti pale kwenye betri umeanza kutoboka toboka, nadhani kuna panya, labda wamekula na waya.

Nianzie wapi wakuu?


Mkulima_Zabibu_Hombolo · Jumapili, saa 3 usiku

Pole sana mkuu. Panya usiwadharau, mimi pikapu yangu walikata waya wa sensa na fundi akazunguka wiki nzima. Kagua kwanza kwa macho na tochi. Pia kama una alamu au redio kubwa imeunganishwa kienyeji inaweza kunyonya betri usiku.


Umeme_wa_Magari_Kizota · Jumapili, saa 4 usiku

Mkuu, usinunue kompyuta. Nakuomba sana. Nafanya hii kazi ya umeme wa magari hapa Kizota miaka mingi na kompyuta zilizokufa kweli kweli ni chache mno ukilinganisha na zilizobadilishwa.

Angalia kitu kimoja kwenye maelezo yako. Fundi kapima 14.2 *kwenye oltaneta*. Oltaneta iko mbele. Betri ya hiyo gari iko wapi? Iko kwenye buti, kona ya kulia. Yani umeme unatengenezwa mbele, unapita kwenye fyuzi kubwa ya ampea 80 pale kwenye boksi chini ya boneti, unafuata waya mrefu wa chanya hadi nyuma, na upande wa hasi unarudi kwa kupitia bodi ya gari yenyewe, kuanzia injini, bodi, mpaka kwenye bolti moja ndani ya buti ambapo waya mfupi wa hasi wa betri umefungwa. Kila kiungo hapo katikati kikiwa na kutu kinakula volti zake. Kwa hiyo 14.2 pale mbele inakwambia oltaneta inafanya kazi, haikwambii betri inapata nini.

Fanya hivi, usilipe mtu. Tafuta mita ya kawaida hata ya bei rahisi, weka DC 20. Washa gari, muombe mtu akanyage mafuta kidogo mizunguko ifike kama 2000, washa taa kubwa, fani ya hewa na waipa, tunataka gari iwe na mzigo. Sasa pima hivi:

Kwanza betri yenyewe, chanya kwa hasi, kule kule kwenye buti. Andika.

Pili acha ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe sio kwenye klempu, nyekundu igusishe chuma kitupu cha bodi (kwangua rangi kidogo mahali pasipoonekana, au tumia bolti safi). Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.1 sio mbaya, ikizidi 0.2 kuna shida.

Tatu kutoka bodi hadi kwenye mwili wa injini, hivyo hivyo.

Nne chanya. Kutoka ile nati nene ya oltaneta hadi chanya ya betri. Utahitaji kipande cha waya mrefu kurefusha ncha ya mita. Hapo 0.2 au 0.3 naivumilia.

Mita ikisoma volti kati ya pointi mbili ambazo zinatakiwa kuwa kitu kimoja, ujue hizo volti zinapotelea hapo hapo katikati. Ukipima gari imezimwa, au haina mzigo, hutaona kitu, kila sehemu itaonekana nzima, na hapo ndo mafundi wengi wanapopotezea wateja hela.

Leta namba.


Kasi_ya_Area_C · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Mimi naona tatizo ni oltaneta ya mtumba tu. Zinakuja zimechoka. Na hiyo betri ya kigari kidogo haiwezi, funga N70 ya pikapu utasahau shida zote.


Umeme_wa_Magari_Kizota · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Kaka nakupinga hapo kwa heshima. Betri ni ndoo tu. Kama bomba linaloleta maji limeziba, ukileta pipa badala ya ndoo unapata pipa tupu. Na N70 haiingii kwenye ile nafasi ya buti bila kukata kitu. Gari zima lina kama kilo 950, kila kitu kimepangwa kwa hesabu ya uzito.


Binti_Singida_1800 · Jumatatu, saa 6 mchana

Kaka wa Makole, nina Roadster ya 1993 injini 1.8, nipo Singida, nimeitunza mwaka wa sita huu na karibu kazi zote nafanya mwenyewe na mume wangu. Nina swali moja tu na naomba ulijibu kabla hujagusa kitu kingine.

Betri uliyofunga ni ipi? Ina vifuniko sita juu vya kuongezea maji? Na je, ina mipira miwili myembamba inayotoka kwenye betri kushuka chini nje ya gari?

Nauliza kwa sababu ya huo mkeka. Panya akila mkeka anaacha nyuzi nyuzi na vinyesi. Asidi inaacha matundu yenye kingo ngumu, ukishika unamomonyoka kama majani makavu. Hii gari ilitoka kiwandani na betri maalum iliyofungwa kabisa, asidi imenywewa ndani kwenye vitambaa vya kioo, haimwagiki, na hata hivyo Mazda waliweka mipira ya kutoa hewa nje kwa sababu betri iko sehemu iliyofungwa. Ukiweka betri ya maji ya kawaida mle ndani, kila inapochajiwa inatoa mvuke wa asidi, na mvuke hauna pa kwenda. Unakula mkeka, unakula sahani ya chuma chini ya betri, na unakula ile bolti ya hasi anayoisema fundi wa Kizota. Na ule mvuke una haidrojeni pia, cheche moja mle ndani ni hatari, kwa hiyo tafadhali usiboosti kwa kufunga klempu ya hasi kwenye betri yenyewe ukiwa umeinamia buti.


Kijana_wa_Makole · Jumatatu, saa 12 jioni

Dada umenitisha. Ndiyo, ina vifuniko sita, na hakuna mpira wowote. Zote mbili nilizofunga tangu niinunue gari, ile iliyokufa na hii mpya, zilikuwa hivyo. Na nimekuwa naiongezea maji ya bomba kila mwisho wa mwezi maana yalikuwa yanapungua, hakuna aliyeniambia ni kosa.

Kesho nina off, nitapima kila kitu.


Binti_Singida_1800 · Jumatatu, saa 1 usiku

Acha maji ya bomba kuanzia leo. Maji ya Dodoma yana chumvi, angalia sufuria yako ya chai ile nyeupe inayoganda chini. Ile ile inaganda kwenye sahani za betri, na kwenye rejeta pia. Betri inataka maji yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, yale yanauzwa madukani kama maji ya betri, ila hakikisha unapewa maji matupu sio asidi maana zote zinauzwa kwenye chupa zinazofanana. Betri ikipungua maji unaongeza maji, huongezi asidi.


Kijana_wa_Makole · Jumanne, saa 10 jioni

Wakuu nimepima. Nimetetemeka mikono wakati naandika hizi namba.

Gari inawaka, mizunguko 2000, taa, fani na waipa on:
oltaneta yenyewe 14.2
betri kwenye buti 12.9
hasi ya betri kwenda bodi 0.8
bodi kwenda injini 0.1
oltaneta kwenda chanya ya betri 0.4

Nikajumlisha, 0.8 na 0.1 na 0.4 ni 1.3, na 14.2 kutoa 1.3 ni 12.9. Imetimia kabisa. Yani miezi mitatu betri ilikuwa inapewa 12.9, haishibi, na mimi nanunua vitu.

Basi nikatoa betri. Wakuu, chini ya betri chuma kimechanika kama karatasi iliyolowana, kuna tundu naona vumbi la uani kwetu. Bolti ya hasi imefunikwa unga wa kijani na mweupe, kichwa cha waya ukikigusa kinacheza. Nimepiga magoti pale nikiangalia, nikakumbuka huyo mzee alivyokuwa anaifuta hii gari kwa kitambaa.

Na kingine. Nilifungua boksi la fyuzi mbele ili nifuate chanya. Ile fyuzi ya 80 haipo. Kuna kipande cha waya wa shaba kimesokotwa na kukazwa na zile skrubu. Sijui ni nani kati ya mafundi waliopita aliyefanya hivyo.


Umeme_wa_Magari_Kizota · Jumanne, saa 11 jioni

USIWASHE HIYO GARI TENA mpaka uweke fyuzi. Samahani kwa herufi kubwa ila nina sababu. Ule waya mrefu wa chanya unapita urefu wote wa gari. Siku ukichubuka ukagusa bodi, fyuzi ingekatika kwa sekunde, ila kipande cha shaba hakikatiki, waya wenyewe ndo unakuwa tanuri, na ule waya uko karibu na unapokaa wewe. Nimeshaona gari imeungua kwa mtindo huo, mwenye nayo alinusurika kwa sababu alikuwa ameshuka kununua mahindi. Tafuta fyuzi ya 80 yenyewe, ile ya kufunga na skrubu, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali unafikia ukiwa umekaa.

Sasa kazi ya buti. Chukua magadi, haya haya ya kupikia mlenda, mumunyisha kwenye maji ya vuguvugu, mwagia pote penye unga mweupe. Yatatoa povu, hiyo ni asidi inakufa. Rudia mpaka povu liishe, halafu suuza na maji mengi. Vaa glavu na miwani, na betri iwe mbali, magadi yakiingia ndani ya betri umeiua. Acha ikauke juani siku nzima.

Ule waya wa hasi usiusafishe, utupe. Asidi inapanda ndani ya waya chini ya plastiki, ukichuna utakuta shaba imekuwa nyeusi mbali kabisa na kichwa. Tengeneza mpya wa unene ule ule au zaidi, kichwa kibanwe kwa mashine ya kubania, sio kupondwa na nyundo. Pa kufungia kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga, kaza, NDIPO upake grisi juu. Sio grisi kwanza.


Kijana_wa_Makole · Jumanne, saa 2 usiku

Nimechomoa betri nimeiweka barazani. Haiwaki hata nikitaka. Na chuma kilichooza je?


Binti_Singida_1800 · Jumatano, saa 1 asubuhi

Kikatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima na kichomelewe kipande kipya. Mpe fundi bodi, sio fundi geti. Na kabla hajachomelea chomoa plagi za kompyuta, na waya wake wa ethi aufunge karibu kabisa na pale anapochomelea. Tangi la petroli liko mbele tu ya buti, nyuma ya viti, mwambie mapema ajue, na asianze bila mtu kusimama na maji na mtungi.

Betri, tafuta iliyofungwa ya aina ya AGM, ndo ile ya vitambaa vya kioo niliyosema, yenye tundu la kuchomeka mpira wa hewa pembeni. Hata zile zilizoandikwa hazihitaji kuongezwa maji, nyingi ndani ni maji vile vile, usidanganyike na kifuniko kulainishwa. Mimi ya kwangu niliikosa Singida na Dodoma, nikaipata Dar, ikaja na basi ikiwa imesimamishwa kwenye boksi. Ni ghali. Hesabu betri mbili na oltaneta ulizonunua.


Kasi_ya_Area_C · Jumatano, saa 3 asubuhi

Nimejifunza kitu hapa, nilikuwa sijui kama betri inatoa mvuke wa kula chuma. Mzee wa Kizota nakubali, nafuta ushauri wangu wa N70.


Kijana_wa_Makole · Jumapili ya wiki ya pili, saa 3 usiku

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya. Fundi bodi alimaliza Alhamisi, kazi nzuri, kapaka na rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili. Betri ya AGM imefika Ijumaa, nimeweka mpira unashuka nje kupitia tundu lile lile la zamani, lilikuwepo muda wote limezibwa na mkeka. Fyuzi ya 80 ipo. Waya wa hasi mpya.

Namba za leo na mzigo wote: oltaneta 14.2, betri 14.0. Hasi kwenda bodi 0.03. Nikikanyaga breki dashibodi haitikisiki. Jana usiku nimekaa kwenye gari uani nawasha taa nazima nawasha nazima, mke wangu akatoka kuuliza kama kuna mtu.

Taa ya kulia bado inachelewa kidogo ila inapanda.

LAKINI. Leo mchana nimeenda nayo barabara ya Manyoni kuijaribu, na pale pale baada ya Bahi imezima. Dakika 20, ikawaka. Kwa hiyo ni kitu kingine. Nisaidieni tena.


Umeme_wa_Magari_Kizota · Jumapili, saa 4 usiku

Nilihisi. Magonjwa yalikuwa mawili, moja lilikuwa linamficha mwenzake.

Ikizima tena usikimbilie klachi. Iache kwenye gia inavyoserereka na utazame mshale wa mizunguko. Ukidondoka sifuri papo hapo huku magurudumu bado yanazungusha injini, umekosa moto wa plagi, tutatafuta sensa ya kemushafti kule nyuma ya injini, kile kikasha kinachowasha koili, au rilei kuu (rilei ni swichi inayowashwa kwa umeme). Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo, moto upo, umekosa petroli.

Ikisimama, weka funguo on bila kuwasha. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna herufi. Unganisha F/P na GND kwa kipande cha waya, pampu ya petroli inatakiwa kuunguruma kule nyuma. Hii 1.6 pampu yake inaamrishwa na kile kipima hewa chenye ulimi, injini isipovuta hewa pampu hailii, ila ukiunganisha hizo mbili unamruka kipima hewa, unaiamrisha rilei ya pampu moja kwa moja. Pampu ikilia, shida iko kwenye kipima hewa, au ule mpira mkubwa wa hewa umepasuka kwenye mikunjo. Isipolia, ni rilei yenyewe, waya au pampu. Hapo gonga rilei kwa mpini wa bisibisi, iko chini ya dashibodi.

Na mtu akitaka kukuchaji hela ya kupima kwa mashine ya kompyuta mwambie hiyo gari ya 1991 haina soketi ya hizo mashine. Kodi zake za makosa, zile namba za ugonjwa, zinasomwa kwa kuunganisha TEN na GND kwenye kiboksi hicho hicho unahesabu taa inavyokonyeza. Kama dashibodi yako haina taa ya injini, weka kitaa cha LED cha volti 12 kati ya B+ na FEN.


Binti_Singida_1800 · Jumatatu, saa 2 asubuhi

Wakati boneti iko wazi kaka, angalia na haya. Taimingi belti ilibadilishwa lini? Kama hakuna anayejua, hesabu kwamba haijabadilishwa. Kilomita 100,000 ndo mwisho wake, na mpira ukizeeka hauangalii kilomita. Uzuri wa injini hii ikikatika haigongi valvu, ila itakuacha njiani. Pampu ya maji iko nyuma ya kifuniko hicho hicho, badilisha siku moja. Nayo inazungushwa na belti ya oltaneta, kwa hiyo ile belti ikilegea unapoteza chaji na kupoza kwa pamoja.

Ya kwako ni 1991, kwa hiyo kabla fundi hajafungua puli ya chini ahesabu nafasi zilizokatwa pale katikati ya puli. Zikiwa nne, una krenki ya mwanzo yenye pua fupi, bolti yake ikikazwa kwa kubahatisha puli inaanza kucheza na inakula njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachoishikilia kwenye krenki, hapo injini imeharibika kweli. Zikiwa nane una ile ya baadaye. Mwambie akaze kwa spana ya kupimia nguvu, na asirudishe bolti ya zamani.

Ukiona oili nyuma ya injini upande wa ukuta wa kabini usikubali kushusha gia boksi kwanza. Mara nyingi ni o-ringi ndogo ya ile sensa ya kemushafti imekauka kama plastiki. Mimi niliambiwa sili ya krenki. Ilikuwa o-ringi.

Na rejeta, tazama tangi la plastiki la juu. Lilikuwa jeusi. Likiwa limegeuka kahawia linakaribia kupasuka.


Kijana_wa_Makole · Jumatano, saa 1 usiku

Imezima leo saa 8 mchana barabara ile ile, na safari hii nilikuwa naisubiri.

Mshale haukudondoka. Ulishuka taratibu na mwendo. Nikaweka pembeni, funguo on, nikaunganisha F/P na GND, kimya. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi, rilei ni ya moto kuliko nilivyotegemea, nikaigonga mara mbili na bisibisi na pampu ikaunguruma. Nilipiga kelele peke yangu barabarani, kuna vijana walikuwa na ng'ombe wakasimama kuniangalia.

Nimeitoa nyumbani nikafungua kibati chake. Kwenye lehemu ya mguu mmoja kuna ufa wa duara mwembamba kama unywele. Ikipoa unashikana, ikipata joto unaachia, ndo zile dakika 20. Jirani anayetengeneza redio hapa Makole amenipigia lehemu upya, hakutaka hela, nimempa elfu mbili ya soda. Nimeagiza rilei mpya pia ila hii itanisogeza.

Dada, tangi la rejeta ni la kahawia. Kahawia kabisa. Nafasi kwenye puli nimehesabu na tochi, nne.


Binti_Singida_1800 · Jumatano, saa 2 usiku

Basi rejeta kabla ya safari nyingine yoyote ndefu, na usijaze maji ya bomba. Puli usiiguse mpaka uwe na bolti mpya mkononi. Nitakutumia vipimo vya kukazia nilivyoandika kwenye daftari langu. Na ile taa ya kulia, mota yake ina kitufe cha kuzungusha kwa mkono chini ya kofia ya mpira, toa fyuzi yake kwanza, izungushe juu chini usikie pana ugumu wapi. Vumbi la Dodoma likichanganyika na grisi ya miaka 30 linakuwa udongo, safisha viungo na petroli kidogo kwa brashi, paka grisi mpya.


Mkulima_Zabibu_Hombolo · Alhamisi, saa 12 asubuhi

Wakuu nimefuata uzi huu toka mwanzo. Jana nikaazima mita kwa mwalimu wa hapa shuleni nikapima pikapu yangu, taa na fani on. Hasi ya betri kwenda bodi 0.1. Bodi kwenda injini 0.6. Stata yangu mwaka mzima inavuta kwa shida na nilikuwa nimeshatenga hela ya nyingine. Hiyo 0.6 maana yake nini?


Umeme_wa_Magari_Kizota · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Maana yake hiyo hela usiitumie kwanza mzee wangu. Kuna waya wa ethi kutoka injini au gia boksi kwenda chasisi, mara nyingi umesukwa kama mkeka. Utakuta umebaki nyuzi chache au bolti imejaa tope. Angalia chini upande wa stata, piga picha uweke hapa.